Ndoo ya Nyuzi Ishirini na Mbili

Palikuwa na nchi, na huenda ingalipo, maana nchi za namna hiyo hazina haraka ya kufa, ambayo bahari yake ilikuwa baridi kuliko bahari za jirani zake wote. Jirani wa kaskazini alipima maji yake akapata nyuzi thelathini. Jirani wa kusini akapata thelathini na moja. Katikati yao nchi hii ilikuwa na ishirini na mbili, masika na kiangazi, na samaki walivuka mpaka huku na huku bila hata kupiga chafya.

Wageni walishangaa. Wenyeji hawakushangaa, kwa sababu waliujua utaratibu.

Kila Jumatatu saa mbili asubuhi, mpimaji wa Wizara ya Utulivu wa Bahari alishuka gatini na ndoo ya plastiki, akateka maji. Hakuruhusiwa kuyapima palepale. Waraka wa kwanza wa Wizara ulieleza sababu vizuri: shahidi hahojiwi nyumbani kwake. Maji yakiulizwa habari za joto yakiwa bado baharini, yamezungukwa na ndugu zao, yatasema lolote. Kwa hiyo ndoo ilipelekwa ofisini. Mapokezi waliiandikisha. Utambulisho walikuwa na karani aliyechovya kidole na kulamba, ili kuthibitisha kwamba bahari iliyoletwa ni bahari. Usalama waliikalia mpaka wajiridhishe kwamba haikubeba kiumbe. Kisha ilikwenda Uratibu. Hakuna aliyejua kazi ya Uratibu, lakini ndiko ndoo ilikokaa muda mrefu zaidi. Kila ofisi ilikuwa na kiyoyozi, kwa sababu Wizara iliwajali watumishi wake.

Jumatano mchana ndoo ilifika mezani kwa Kamishna. Kipimajoto kikatumbukizwa mbele ya mashahidi wawili, na mpimaji akasoma kwa sauti.

"Ishirini na mbili, Mheshimiwa."

"Hiyo ndiyo bahari yetu," alisema Kamishna Mselemu, na mashahidi wakapiga makofi, si mengi, kiasi cha Jumatano.

Mpimaji huyo aliitwa Pandu Ngwali. Alikuwa mtu mwembamba, mpole, mwenye tabia ya kusubiri kidogo kabla ya kujibu hata salamu. Aliifanya kazi hiyo miaka kumi na tisa. Katika miaka hiyo alikuwa na kosa moja tu, nalo hakulifanya kwa ubaya: alikuwa na kipimajoto cha pili, kilichofungwa kwenye uzi, na kila Jumatatu alipoinama gatini kuteka maji alikichovya hicho pia, akaandika katika daftari la shule.

Mara ya kwanza kilipomwonyesha thelathini na nusu, hakuilaumu Wizara. Alifikiri kipimajoto ni kigonjwa. Alikipeleka nyumbani akakibana kwapani kwa dakika tano, kikaonyesha joto la mtu mzima asiyeumwa. Basi akakiamini, lakini ndoo hakuacha kuiamini. Alijiambia kwamba huenda kuna bahari mbili, na yeye hajasoma vya kutosha.

*

Kazi yake ya pili ilikuwa kuvunja matumbawe. Nyuma ya jengo la Wizara palikuwa na banda, na ndani ya banda palikuwa na jeki ya lori na mizani. Kila mwezi wazamiaji walimletea vijiti vya matumbawe vilivyokatwa mwambani, vyenye unene wa kidole gumba. Pandu alikiweka kijiti kimoja kimoja chini ya jeki, akakaza polepole, akisikiliza. Tumbawe halivunjiki kama kuni. Kwanza hulia, kilio chembamba kama cha mchanga chini ya kiatu, kisha linajiachia lote kwa pamoja. Pandu aliandika uzito wa wakati wa kilio.

Alifanya hivyo miaka saba, kisha akachora jedwali. Katika mwaka ambao maji ya gatini yalikuwa nyuzi ishirini na saba, kijiti kilibeba kilo mia na arobaini. Mwaka wa nyuzi ishirini na tisa, kilo tisini. Mwaka wa nyuzi thelathini na moja, kilo thelathini na tano.

Wizara ililipenda sana jedwali hilo, wala haikuuliza nyuzi hizo zilipimwa kwa kipimajoto gani. Ililichapisha katika kitabu chenye jalada gumu na picha ya Kamishna. Ila palikuwa na upungufu mdogo: jedwali lilianzia nyuzi ishirini na saba, na bahari ya nchi ilikuwa ishirini na mbili. Mchoraji wa Wizara akachukua rula, akaurefusha mstari wa Pandu kwenda kushoto mpaka ishirini na mbili, na hapo nguvu ya mwamba ikapanda mpaka ikatoka nje ya karatasi. Kamishna aliagiza iachwe vivyo hivyo. Alisema inapendeza.

*

Mwaka huo Mtukufu Kiongozi alitimiza miaka thelathini madarakani, na ikaamuliwa kwamba Siku ya Utulivu isifanyike nchi kavu kama kawaida. Nchi kavu ilikuwa imezoeleka. Litajengwa jukwaa juu ya mwamba wenyewe, mita mia mbili kutoka ufukweni, pale mwamba unapokatika na kuanguka katika mkondo wenye kina. Wanawake wa kwaya ya kijiji cha Mkiani watasimama juu yake na kuimba wimbo wa taifa, ambao kila ubeti huishia kwa kukanyaga chini mara tatu kwa nguvu, kuonyesha uimara. Nguzo za zege zilikuwa zimekwisha kusimikwa. Kilichobaki ni cheti cha nguvu za mwamba, nacho kilihitaji sahihi ya mtu aliyelichora jedwali.

Kiongozi wa kwaya ya Mkiani alikuwa Zume Ngwali, dada yake Pandu, mkubwa wake kwa miaka minane, aliyemlea tangu mama yao alipofariki. Jumapili moja Pandu alimfuata nyumbani kwake. Alimkuta anapika mkate wa kumimina, akakaa kwenye kibao karibu na jiko.

"Una uso wa mtu aliyeona hesabu," alisema Zume.

"Dada, ule mwamba umekuwa dhaifu."

"Mwamba? Si uleule tuliokuwa tukienda kuokotea chaza?"

"Kwa nje ni uleule. Lile tumbawe si jiwe, ni wadudu wadogo wanaojijengea mifupa kwa chokaa. Maji yakiwa moto kupita kiasi wanaumwa, wanakaa na njaa. Mwenye njaa bado anajenga, lakini anajenga hivi." Alimega kipande cha mkate uliokwisha kuiva akamwonyesha ndani, matundu kwa matundu. Akakibonyeza kwa kidole. "Juu ya huu huwezi kusimamisha nguzo."

Zume alikichukua kile kipande akakila. "Na Wizara inasemaje?"

"Wizara inasema maji ni baridi."

"Ah. Basi Wizara haijaoga." Aligeuza mkate, akafunika chungu kwa kifuniko chenye makaa. "Sikiliza, mdogo wangu. Mimi jedwali silijui, na kukataa kupanda siwezi, wana orodha ya majina na kila mmoja wetu ana mtoto anayetafuta nafasi ya shule. Lakini mkono wako naujua, mimi ndiye niliyekufundisha kuandika jina. Wanasema hicho cheti kitatundikwa pale penye ngazi. Nikiliona jina lako, nitapanda, na wenzangu watanifuata. Nisipoliona, nitaumwa tumbo la ghafla, na wanawake arobaini watakuwa na kazi ya kuniuguza."

"Nitawapelekea maji ya moto mpaka mezani," alisema Pandu. "Nataka wayaone tu."

"Kwa ndoo ile? Yatafika yamepoa." Zume alinyanyuka, akarudi na chupa yake ya chai, kubwa, nyekundu, yenye maua, ambayo ilikuwa ikihifadhi uji wa asubuhi mpaka alasiri. "Chukua hii. Ila uirudishe kabla ya sherehe, tutataka chai ya tangawizi kwa ajili ya sauti."

*

Jumatatu Pandu aliteka maji kwa ndoo, na pia kwa chupa. Alikwenda na chupa yake ofisi kwa ofisi, kwa unyenyekevu, akiomba muhuri kila mahali. Makarani walidhani ni chai wakagonga mihuri bila kuangalia. Aliharakisha kadiri mtu mpole anavyoweza kuharakisha, na siku hiyohiyo kabla ya adhuhuri akawa mbele ya Kamishna na mashahidi wawili. Akafungua kifuniko, akatumbukiza kipimajoto cha Wizara chenyewe.

"Thelathini na moja na nusu, Mheshimiwa."

Hapakuwa na makofi. Kamishna Mselemu aliinama akaitazama ile chupa kwa muda.

"Bwana Pandu, hiki ni chombo gani?"

"Ni chupa ya chai, Mheshimiwa."

"Kazi yake nini, katika nyumba za watu?"

"Kuhifadhi vitu vya moto."

"Unasikia?" Kamishna alimwambia shahidi wa kwanza. "Vitu vya moto. Umeyachukua maji ya baridi ya nchi hii ukayatia katika chombo cha vitu vya moto. Ulitarajia yafanye nini?"

"Mheshimiwa, chupa haichemshi. Inazuia tu kisichokuwemo kisiingie, na kilichomo kisitoke."

"Mke wangu anayo," alisema shahidi wa pili. "Kila ninapoifungua, mna moto."

Hoja hiyo ilionekana nzito. Karani wa Utambulisho aliitwa akalamba, akaripoti kwamba ni bahari, ila haina sukari. Kamishna alisimama, akashika kingo za meza, na akazungumza kwa sauti ya Siku ya Utulivu. Alisema bahari ni dhamana tuliyoachiwa na waasisi. Alisema wapo watu, hakuwataja, ambao hawalali mpaka wameona bahari ya wenzao inatokota. Alisema Wizara hailipizi kisasi, Wizara inalea. Mwisho aliagiza chupa ifungwe kwa lakiri, na maji yake ndani, iwe kielelezo cha shauri la kupasha bahari moto bila kibali. Kisha akawaruhusu mashahidi watoke, akamsogezea Pandu kiti.

"Kaa, ndugu yangu. Sikuombi useme uongo. Ingekuwa aibu kwa mtu kama wewe, na kwa Wizara pia." Alimwekea fomu ya cheti mbele yake. "Ina maswali matatu tu. Jedwali hili ni lako?"

Pandu alisubiri kidogo. "Kuanzia ishirini na saba kwenda juu, ni langu."

"Kwa hiyo ni lako. Na ndoo, kila inapofika mezani hapa, inasoma ngapi?"

"Inapofika hapa, ishirini na mbili."

"Na kwa mujibu wa jedwali hilo, maji yakiwa ishirini na mbili, mwamba una nguvu au hauna?"

Pandu alilitafuta kosa katika swali lile, hakuliona. Kama maji yangekuwa ishirini na mbili, mwamba ungekuwa na nguvu kweli. Alikuwa ametumia miaka saba kulithibitisha jambo hilo, kijiti kwa kijiti.

"Yakiwa, Mheshimiwa. Una nguvu."

"Basi jaza. Ndiyo, ndiyo, ndiyo. Ukikataa, shauri la chupa litaanza kwa kumwita mwenye chupa. Nimeona kitako kimeandikwa jina."

Pandu aliligeuza lile jina kichwani. Zume alikuwa amelikwaruza kwa msumari kule chini, ili chupa isipotee harusini. Alijiambia kwamba akisaini leo, kesho asubuhi ataondoka mapema kwenda Mkiani, na atamwambia dada yake kwa mdomo wake mwenyewe kwamba jina lile lisiaminiwe. Mdomo ungekifuta alichoandika mkono. Alipanga hivyo kwa utaratibu, kama alivyopanga mambo yake yote, na akatia sahihi.

Kamishna alipuliza wino. "Mtu aliyetia sahihi ya taifa," alisema, "hawezi kurudi nyumbani kwa miguu."

*

Wakampeleka katika nyumba ya wageni ya Wizara, chumba safi chenye kiyoyozi na askari mmoja mlangoni kwa heshima. Sherehe ilikuwa baada ya siku tisa. Pandu aliomba kutoka saa moja tu. Askari akamjibu kwamba wageni wa heshima hawatoki, wanatolewa.

Akaomba karatasi. Aliandika: *Dada, usipande. Ni mkono wangu lakini si neno langu. Mwamba umeoza.* Askari aliichukua barua kwa mikono miwili.

Siku ya tatu Pandu alimwuliza imefika wapi.

"Imetoka Mapokezi, mzee. Iko Utambulisho."

Siku ya sita ilikuwa Usalama. Siku ya nane askari aliingia akitabasamu. "Usiwe na wasiwasi. Barua yako iko Uratibu."

*

Siku ya Utulivu jua lilikuwa kali, na maji yalikuwa yamejaa. Mtukufu Kiongozi hakukaa jukwaani, kwa sababu za usalama. Alikaa ufukweni ndani ya hema lenye viyoyozi vinne, na Pandu alisimamishwa nje ya hema hilo, katika safu ya mbele, na utepe kifuani. Aliwaona wanawake wa Mkiani wakivushwa kwa boti mpaka kwenye ngazi za jukwaa, arobaini na mmoja, wamevaa kanga za rangi moja. Aliona kitu kinang'aa pale penye ngazi: kioo cha fremu ya cheti. Aliona mtu mmoja, mrefu kuliko wengine, amesimama mbele ya kioo kile kwa muda, wenzake wakimsubiri nyuma yake.

Pandu alipunga mikono. Maofisa waliokuwa kando yake waliona jambo hilo ni zuri, nao wakapunga, kisha ufukwe mzima ukapunga. Aliita jina la dada yake, na bendi ikaanza.

Ubeti wa kwanza ulikwenda vizuri. Walikanyaga mara tatu, mtangazaji wa redio akasema uimara huo umesikika mpaka mipakani. Ubeti wa pili wakakanyaga mara moja, mbili. Kabla ya mara ya tatu Pandu alisikia sauti. Haikuwa kubwa. Bendi haikuisikia, wala hema. Ilikuwa nyembamba, kama mchanga chini ya kiatu, na yeye peke yake katika umati ule ndiye aliyewahi kukaa miaka saba akiisubiri, kalamu mkononi.

Kisha mwamba ukajiachia wote kwa pamoja. Nguzo za upande wa mkondo zilizama kama vidole katika mkate, jukwaa likainama taratibu, karibu kwa adabu, na kanga zote zikateremka upande mmoja.

Mkuu wa bendi hakuwa na amri ya kusimamisha wimbo, kwa hiyo walipiga beti zote tano.

*

Walirudi wanawake kumi na tisa. Zume hakuwa miongoni mwao.

Tume ya uchunguzi iliundwa siku ya pili, na ilifanya kazi kwa umakini. Iliagiza ndoo. Pandu alipelekwa gatini chini ya ulinzi kuiteka, na alipoinama aliona majini, karibu na nguzo za gati, utepe wa kijani wa kanga ya kwaya. Ndoo ilipita Mapokezi, ikalambwa Utambulisho, ikakaa Usalama, ikakaa zaidi Uratibu. Jumatano ikawekwa mbele ya Tume.

"Soma, Bwana Pandu," alisema Kamishna Mselemu, ambaye ndiye aliyekuwa mwenyekiti.

Pandu alitazama kipimajoto. Alikitazama sana, akitafuta mahali pa kukishuku. Kilikuwa kizima. Maji yalikuwa baridi, angeyanywa mgonjwa. Katika chumba kile hapakuwa na kitu hata kimoja kilichosema uongo.

"Ishirini na mbili," alisema.

Tume ikafungua jedwali. Kwa nyuzi ishirini na mbili mwamba huo usingeweza kuvunjika, kwa hiyo haukuvunjika. Ilielezwa katika taarifa kwamba jukwaa lilishuka, na kwamba waimbaji ishirini na wawili bado hawajawasilisha habari za kurudi kwao. Ndugu zao waliombwa wawe watulivu, kama bahari.

Shauri la chupa nalo likafungwa, kwa kuwa kielelezo kilipofunguliwa na kupimwa kilionekana kuwa na nyuzi ishirini na mbili kama maji yote ya nchi. Karani alimpa Pandu chupa na kitabu cha kusaini: *Nimepokea chupa moja ya chai, na bahari iliyomo, ikiwa baridi.* Pandu alisoma mara mbili. Ilikuwa kweli. Akasaini.

Alitembea mpaka Mkiani. Mlango wa Zume ulikuwa wazi na kibarazani alikuwa amekaa Bi. Kazija, sauti ya pili ya kwaya, mkono wake umefungwa bandeji, anachambua mchele wa watu wa msibani. Pandu alimsalimu akaweka chupa chini mbele yake.

"Alisema niirudishe kabla ya sherehe," alisema.

"Ndiyo. Tuliitafuta." Bi. Kazija aliendelea kuchambua.

"Bi. Kazija. Maji yalikuwa thelathini na moja na nusu."

Lilikuwa neno ambalo hakuwa amelitamka tena tangu ile Jumatatu mbele ya Kamishna. Alisubiri kuona litafanya nini.

"Tulijua, kaka," alisema Bi. Kazija. "Sisi tunaingia humo kila siku mpaka kiunoni. Mwaka huu hata kaa wanatoka wenyewe."

"Nilimwandikia barua."

"Ilifika. Asubuhi ileile, tukiwa botini, akaletewa na mtu wa Wizara. Imepigwa mihuri mingi, maneno yamefunikwa yote, imebaki 'Dada' juu na jina lako chini. Akasema, mdogo wangu ananisalimu." Alitoa chuya moja kwenye ungo, akaitupa pembeni. "Alifurahi. Tulipofika pale kwenye ngazi, sisi tukasita. Mimi mwenyewe nilishaanza kushika tumbo. Yeye akaenda kwenye kile kioo, akasogea karibu kabisa, maana macho yake unayajua, akaifuata ile sahihi kwa kidole, herufi kwa herufi, mpaka mwisho. Halafu akatugeukia. Akasema, twendeni, ni mkono wake."